Kanda Zilizolala Jirani na Kabichi

Gari lilikuwa limeshapita daraja la mwisho la mji wa Gabrovo, na Velichka alikuwa bado hajamsemesha mumewe.

"Sema basi," Spas alisema. "Nitukane, tufike tumemaliza."

"Wewe ndiye uliyechoma kalibu za mbao."

"Nilichoma. Nawe uliota moto."

Hilo lilikuwa kweli. Velichka alishona viatu vya watu ambao miguu yao haikubali viatu vya dukani. Zamani kila mteja alikuwa na kalibu yake, mbao iliyochongwa kwa umbo la mguu wake. Baadaye vipimo vyote viliingizwa kwenye kompyuta, kalibu zikawa zinajaza chumba bure. Watu wa Gabrovo hawatupi mbao. Majira yote ya baridi nyumba yao ilikuwa na joto zuri sana.

Jana yake, Jumanne, radi ilipiga nguzo ya umeme ya mtaa. Kompyuta ikaungua. Diski ya akiba ilikuwa imechomekwa hapo siku zote, nayo ikaungua.

Zilibaki kanda nne za sumaku zenye nakala za vipimo. Spas alikuwa amenunua mashine ya kanda kutoka kiwanda kilichofungwa, akajisifu mwezi mzima; radi haikuipata, kwa kuwa haikuwa imechomekwa. Kanda zenyewe alizipeleka kijijini, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya marehemu mama yake. Huko ndiko familia ilikoweka kila kitu kisichotakiwa kuharibika.

"Mzee Nayden anarudi kutoka Hispania Ijumaa ya wiki ijayo," Velichka alisema. "Jumamosi anamwoza mjukuu wake. Mguu wake mmoja ni mfupi kwa sentimita nne, na amemwahidi mtoto watacheza ngoma ya horo pamoja. Viatu vyake vinataka siku nane. Nimpime kwa simu?"

Spas aliongeza mwendo.

Walipofungua chumba cha chini, harufu ya kabichi ya chumvi iliwapokea. Pipa lilikuwa limevuja. Kasha la kanda lilikuwa chini yake, limelowa. Spas alitoa kanda moja, akaitikisa. Maji yakamchuruzikia mkononi.

"Nitazikausha juu ya jiko," alisema.

"Thubutu, shemeji! Utapika supu ya plastiki."

Alikuwa Filka, jirani, amekuja kuona nani kafungua mlango. Alifanya kazi miaka thelathini kwenye hifadhi ya kanda ya kituo cha redio.

"Dada Filka, tumekwisha," Velichka alisema.

"Bado. Hizo zilizolowa usizitie kwenye mashine, zitaiharibu. Ziweke mahali pakavu, penye hewa, mbali na moto. Kanda ni tatu tu?"

"Nne," Spas alisema. "Ya nne..." Akainua macho. Ilikuwa kwenye rafu ya juu, nyuma ya chupa za pilipili hoho. Ilikuwa kavu, na juu yake alikuwa ameandika kwa mkono mwezi wa nakala: Machi.

"Isome sasa hivi!" Velichka alisema.

"Subiri kesho," Filka alisema. "Imetoka kwenye baridi. Ilale kwanza huko karakanani kwenu, kwenye chumba chenye mashine, izoee joto lake."

Walikaa jikoni kwa Filka, wakinywa chai. Spas alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo kanda ni takataka," alisema.

"Kanda haina kosa. Ukiitunza pakavu na baridi ya wastani, inakaa miaka mingi. Radi haiipati, kwa sababu haijachomekwa popote. Wezi wa mitandao hawaifikii. Lakini mashine yake ni ghali, na kutafuta kitu kimoja ndani yake kunachukua muda. Inamfaa mwenye mzigo mkubwa, kama sisi redioni."

"Na diski?"

"Diski ni ya haraka na rahisi. Kwa karakana yenu inatosha. Kosa lenu ni kuiacha imechomekwa. Nunueni mbili. Moja inafanya kazi, nyingine inakaa nyumba nyingine kabisa. Kila wiki mnabadilishana. Na kila mwezi fungueni nakala moja mwone kama inasomeka. Wewe shemeji, uliwahi kuijaribu kanda hata moja?"

"Niliziamini."

"Hata mchumba hatumwamini hivyo."

Velichka akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Alhamisi mchana, kwenye kompyuta ya kuazima, kanda ya Machi ilisomeka. Nayden alikuwamo. Velichka alikata ngozi saa hiyo hiyo.

Harusini Mzee Nayden alicheza horo mizunguko miwili, kisha akaketi. Kanda tatu hazikusomeka tena. Wateja hamsini na saba waliopimwa baada ya Machi waliitwa wapimwe upya. Wawili walikwenda kwa fundi mwingine. Mashine ya kanda iliuzwa kwa kampuni ya picha yenye chumba kikavu. Kila Jumatatu Spas hupeleka diski moja kwa Filka na kurudi na nyingine. Mwisho wa mwezi Velichka huifungua na kutazama mguu wa mtu mmoja. Pipa liliwekwa pete mpya. Kabichi ya mwaka ule ilikuwa nzuri, wakaila yote.