Safari ya Kumwona Fahali wa Buluu

Jumamosi ile duka la vyakula vya Kiafrika la Cedar-Riverside, huko ughaibuni, lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Philister, nesi wa Kikenya aliyeishi Lakeville, alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, gauni la manjano juu, raba nyeupe za kazini chini. Aliponyoosha mkono kuchukua pakiti ya mwisho ya omena, wale dagaa wakavu, mkono mwingine ukamtangulia. Mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu, shati lake la kitenge limepigwa pasi likanyooka kama karatasi.

"Samahani, mama. Hii ndagala ni ya mama yangu."

"Hiyo ni omena," Philister akasema. "Na mimi si mama yako."

"Kwetu Bukavu ni ndagala."

"Kumbe hata jina lake hulijui, na unataka kuila."

Mwanamume akacheka, akampa pakiti, kisha akaomba namba ya simu apate kuuliza ilivyopikwa. Aliitwa Murhula, fundi wa magari. Aliishi Frogtown na mama yake.

Basi simu zikaanza. Kila mapumziko ya kazini, ile simu mfukoni inatetemeka.

"Umekula, mupenzi?"

"Mpenzi wako ni nani?"

"Ule mwenye alikula ndagala yangu."

Ilipofika Agosti, Murhula alikuwa amefufua motohomu kuukuu, gari refu lenye jiko, vitanda na choo ndani. Akamwalika waende kaskazini, wakaone vitu vya ajabu ambavyo watu wa huku hujenga kando ya barabara.

"Tutalala wapi?" Philister akauliza.

"Weye na mama kule nyuma. Miye ku kiti ya dereva."

"Mama anakuja?"

"Mama ndiye mwenye safari."

Jibu hilo lilimtuliza Philister kuliko maneno yote matamu ya simu.

Walisimama kwanza Darwin, mji mdogo sana. Ndani ya kibanda cha vioo palikuwa na bonge la kamba, kubwa ajabu, ambalo mtu mmoja alilizungusha peke yake miaka na miaka. Mama Goretti, mama yake Murhula, kilemba cha zambarau kichwani, aliweka viganja kwenye kioo.

"Alikuwa anataka kufunga nini?"

"Hakuna, mama."

"Na watu ya kwake walikuwa wanasema nini?"

"Pengine walimuzoea."

Mama hakucheka. Philister naye alisimama pale, akilizunguka bonge kwa macho. Mtu mmoja, na kamba tu.

Mbele kidogo waliingia kituo cha mafuta. Philister alikuwa amempima Mama Goretti presha na kumpa vidonge vyake, akaenda kununua chai. Alipokuwa akirudi alimsikia Murhula kwenye simu, nyuma ya gari.

"Usiogope, baba mudogo. Yaya iko pamoja na mama. Anamupima presha, anamupatia dawa."

Yaya. Kwao Kenya, yaya ni msichana wa kazi. Philister alisimama na vikombe mkononi, uso ukimwaka moto. Kumbe ndiyo maana alialikwa.

Kutoka hapo alijibu kila kitu kwa "sawa". Maziwa yalipita dirishani, moja baada ya jingine, na yeye hakuyaona.

"Niko na kosa gani, chérie, mupenzi wangu?"

"Endesha gari, Murhula."

Walifika Bemidji jua likiwaka juu ya ziwa. Ukingoni ilisimama sanamu ya mkata miti, kubwa kama nyumba, na kando yake ya fahali wa buluu, pembe zimetanda, watu wakipita chini ya shingo yake kama vifaranga. Mama Goretti alitangulia kushuka. Kwao Walungu, nje ya Bukavu, alikuwa na ng'ombe, kabla vita havijawachukua wote. Alikwenda polepole hadi kwenye mguu wa fahali, akaweka kiganja, akaanza kumsifu kwa Kishi, lugha ya kwao, kwa sauti ya kuwaita ng'ombe warudi nyumbani. Wageni waliokuwa wakipiga picha wakashusha simu zao.

Hasira ya Philister ikamponyoka kidogo. Akamgeukia Murhula.

"Kama ulitaka mtu wa kumtunza mama, ungesema. Ningekuja tu. Lakini uniite yaya?"

"Yaya ni heshima. Ni dada mukubwa."

"Kwetu ni mfanyakazi wa ndani."

Murhula alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Philister, hapana."

"Na huyo dada mkubwa ndiye mimi?"

"Hapana." Sauti yake ilishuka. "Baba mudogo aliuliza niko na nani. Niliogopa kumuambia jina lenye ninataka, nikasema yaya, sababu weye hujakubali bado."

"Jina gani?"

"Bibi yangu. Muke wangu."

Philister akaonyesha simu iliyokuwa mfukoni mwa Murhula.

"Mpigie," akasema. "Niongee naye mwenyewe."

Simu ikaita, ikapokelewa. Philister akaichukua.

"Jambo, baba mdogo. Naitwa Philister. Mimi ndiye bibi ya Murhula." Upande wa pili baba mdogo akauliza habari za mama. "Ndiyo, mama ni mzima. Ameenda kwa ng'ombe."

"Ng'ombe gani tena huko?" sauti ikauliza.

Philister akainua macho, kutoka kiganja cha Mama Goretti hadi zile pembe zilizokata anga, akacheka. "Wa buluu, baba mdogo."