Nani Amenawa Mikono?

"Mtoto wa saratani akirudishwa nyumbani, ujue madaktari wamenawa mikono."

Maneno hayo niliyasikia bombani, nikikinga maji. Aliyeyasema hakuniona. Nilibeba ndoo yangu nikaondoka, lakini maneno yalinifuata mpaka ndani. Nikikanyaga cherehani, nayasikia. Nikikoroga uji, nayasikia.

Binti yetu alikuwa bado mdogo, hajaanza shule. Tulimwita Kifungo, kwa sababu tangu anatambaa alichezea kopo langu la vifungo chini ya cherehani. Mimi ni fundi wa nguo, baba yake ni fundi viatu. Siku zile chumba chetu kilinukia mafuta ya cherehani na gundi. Na chini kule kulikuwa na kasauti kakihesabu: kimoja, viwili, vitano. Vitatu na vinne hakuwa na habari navyo.

Kisha akaugua. Ikaonekana ni saratani ya damu. Alilazwa hospitali wiki nyingi, na kopo likakaa kimya.

Siku ya kutoka, muuguzi alituketisha mimi na mume wangu. Alieleza kwamba dawa za saratani zinaua ugonjwa, lakini zinapunguza pia askari wanaoulinda mwili. Mtoto atakula na atacheza, ila homa ikimshika inaweza kumuua upesi. Akatupa kipimajoto, akatufundisha kukisoma. Kikifika thelathini na nane, tumlete hapo hapo, iwe mchana au usiku. Tusimpe kwanza dawa ya homa, maana hushusha joto na kuficha hatari.

Nikashindwa kujizuia.

"Dada, tuambie ukweli. Mmenawa mikono?"

Alinitazama kidogo, akaelewa.

"Sisi tunanawa kila tukitaka kumgusa mgonjwa," alisema. "Na nyinyi mkanawe hivyo hivyo, kwa sabuni. Huyu hajarudishwa, mama. Ameruhusiwa. Tarehe ya dawa nyingine nimewapa, au sikuwapa?"

Alikuwa ametupa.

Nyumbani, Baba Kifungo aliweka beseni na sabuni mlangoni. Watu wakaja kwa wingi. Walisema wamekuja kumwona mtoto, lakini nyuso zao zilikuwa za kuaga. Wenye mafua tuliwaomba wasalimie kutoka dirishani, na wengine walinuna. Wifi yangu, ambaye hakosi neno, alisema siku hizi kuingia kwa kaka yake ni kama kuingia chumba cha upasuaji. Nikamwambia anawe kwanza, atanisema akiwa safi. Alinawa huku akicheka.

Kifungo, ambaye dawa zilikuwa zimemnyonyoa nywele zote, alikaa akiwaangalia wageni wanavyomwangalia. Walipoondoka akaniuliza, "Mama, wanakitamani kipara changu?"

Adhuhuri moja aliacha vifungo vimetapakaa sakafuni, akajilaza. Alikuwa wa moto. Nikampima kwapani: thelathini na nane na nusu. Mama mkwe wangu anampenda mjukuu huyu kuliko sisi sote. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameshalowesha kitambaa na ameshika kidonge cha homa.

"Mwacheni mke mwenzangu apumzike," alisema taratibu. "Mnamsumbua na safari za nini? Si wenyewe wamenawa mikono?"

Maneno ya bombani yalikuwa yameingia chumbani kwangu, tena kwa kinywa cha mtu ninayemheshimu. Baba Kifungo alinitazama, anangoja niseme. Nikatazama mkono wangu. Kipimajoto bado kilikuwa humo.

"Mama," nikasema, "anayerudishwa kufa hapewi kipimajoto."

Mama mkwe akarudisha kidonge kwenye pakiti, akamfunika mjukuu wake shuka, akatuuliza basi tunangoja nini.

Hospitali alitundikiwa dawa kabla jasho letu halijakauka. Daktari alisema kama tungengoja hadi kesho yake, pengine tungemkosa.

Matibabu yalichukua miaka, lakini yaliisha. Sasa amenipita urefu. Kopo la vifungo lipo, na yeye ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano, maana macho yangu hayaoni tena tundu. Mara nyingine cherehani ikinyamaza, natamani kusikia tena kasauti kale kakiruka vitatu na vinne. Ugonjwa siutamani. Natamani kasauti.

Mzazi mwenzangu, haya uyaepuke:

Usingoje homa ipoe yenyewe.

Usimpe dawa ya homa, wala mitishamba, kabla ya kuwauliza wanaomtibu.

Usimkatizie dawa zake kwa kuwa umemwona anacheza.

Usiruhusu mwenye mafua, kikohozi au tetekuwanga amkaribie, hata akiwa ndugu.

Usimpe kiporo, nyama isiyoiva, wala tunda lisilooshwa.

Usimguse bila kunawa kwa sabuni.

Na ya bombani usiyabebe. Kinga maji yako, uende.