Mistari Elfu Kumi na Moja

Kezia alikuwa amebakiza sentensi moja. Tangazo lilikuwa mbele yake kwenye kompyuta: kuanzia leo anajitenga, anaanzisha Kapu yake mwenyewe, anayetaka amfuate. Steshenari ya Mama Firdausi, mkabala na stendi ya Kasulu, ilikuwa imejaa watu na mashine ya kopi ilinguruma. Alikuwa akitafuta neno la kumalizia aliposikia sauti nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Naomba unibanie karatasi hizi."

Vidole vyake vikasimama. Mwenye sauti hiyo, Kezia alikuwa amembloku kwenye simu kwa siku tisa.

Mpawenimana alisimama kaunta, shati lake la drafti limegeuka rangi kwa vumbi la njia ya Kibondo. Naye akamwona: gauni la kitenge cha kijani, kilemba cha rangi hiyohiyo, na macho yasiyomkaribisha.

"Nilikuwa nakuja kwenu," alisema. "Sikujua uko hapa."

"Kwetu kufanya nini? Si umeshaifunga kazi yangu?"

Kapu ilikuwa programu huria ya kufuatilia dawa za zahanati. Mtu yeyote aliruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kurudisha marekebisho yake. Watu watatu ndio waliopokea au kukataa, na Mpawe alikuwa mmoja wao. Ndiko walikojuana, wakibishana kwa maandishi, kisha kwa simu, kisha kwa mishikaki kila Jumapili. Kezia, aliyejifundisha kila kitu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, alitumia miezi minane kuifanya Kapu ifanye kazi pasipo mtandao, ili muuguzi wa Kagerankanda aache kupanda kilima na simu mkononi. Akapeleka yote kwa mpigo, mistari elfu kumi na moja. Mpawe akajibu mbele ya watu wote: "Kubwa mno. Haikaguliki. Naifunga."

"Ungenipigia kwanza, Mpawe. Dakika mbili tu."

"Wangesema nakupitisha kwa sababu wewe ni wangu."

"Kwa hiyo ukanipiga kofi hadharani, wakuone una haki."

"Ndiyo. Hapo nilikosea. Nilipoanza kukupigia ulikuwa umeshanibloku."

"Kama mnagombana," alisema Mama Firdausi bila kuinua kichwa, "gombaneni polepole. Watu wanatoa kopi za vyeti hapa."

Mpawe akaweka karatasi zake mezani. Kurasa hamsini na mbili za maoni, zote zimejaa mwandiko wake mdogo wa wino mwekundu.

"Nimesoma yote."

"Si ulisema haikaguliki?"

"Kwa wenye kazi zao. Mimi nilikuwa na siku tisa na sina wa kuongea naye."

Kezia alitaka kutabasamu, akajizuia.

"Mistari elfu tisa haina jipya," Mpawe aliendelea. "Nafasi kati ya maneno zimesogezwa tu. Uliinyoosha programu nzima kabla ya kuileta?"

"Nilitaka iwe safi."

"Mpenzi, umefagia kwenu, ukafagia kwa jirani, ukafika hadi barabarani. Anayekuja kuona ulichopanda anaona alama za ufagio tu."

"Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Mimi ndiye niliyepaswa kukuambia. Na kuna hii."

Ukurasa wa thelathini na moja. Wauguzi wawili wakiandika, bila mtandao, kuwa boksi lilelile la dawa limetumika, Kapu ya Kezia inalipunguza mara mbili. Alisoma, akarudia kusoma. Kabatini dawa ingekuwepo, kompyuta ingesema imekwisha, na mama angerudishwa nyumbani na mtoto mwenye homa.

Mpawe alikuwa akisoma kioo cha kompyuta. "Unajitenga."

"Ndiyo."

"Na mimi?"

Kezia aligeukia lile tangazo. Kisha akaanza kulifuta kutoka mwisho, herufi moja moja, hadi ukurasa ukabaki mweupe. Akasogeza kiti cha pili kwa mguu.

"Kaa. Tuikate vipande. Tuanze na kipi?"

"Kidogo kuliko vyote. Na safari hii akague mkaguzi mwenzangu Dadi, si mimi."

Walikata vipande hadi Mama Firdausi alipoanza kuifunika mashine. Vipande vitatu kati ya kumi na vinne vilikuwa vimeshatumwa. Cha nne, chenye lile boksi, kilikuwa wazi kiooni, hakijafika hata nusu.

"Kezia," Mpawe alisema, akikunja karatasi ambayo haikuhitaji kukunjwa. "Nataka kuleta barua ya posa. Mahari, tarehe, pa kuishi, vyote nimeshavipanga."

"Unavileta vyote kwa mpigo?"

"Vyote."

"Kubwa mno. Haikaguliki." Akafunga kompyuta, akatoa simu, akamtoa kwenye bloku huku akimwonyesha. "Gawanya, bwana. Leo njoo umwamkie mama, basi. Mengine kesho, tukishamaliza cha nne."