Simu ya Kahambu Kutoka Dakar

Wazazi wenzangu wa Makiso, mtaa wetu huu wa Kisangani, sogeeni niwasimulie yaliyoipata nyumba ya Papa Kataliko, maana yangeweza kumpata yeyote kati yetu.

Mwaka uliofuata vile vita vya siku sita vilivyopiganwa humu mjini mwetu, Jumapili moja mji ulitulia. Misa ilikuwa imekwisha, mkewe, Mama Mbambu, alikuwa akikaanga makemba, zile ndizi kubwa za kupika, uani, na binti yao Kahambu alikuwa hakaliki. Kahambu alikuwa daktari wa biolojia ya molekuli na seli. Vita vilimkwamisha Kisangani bila maabara, akawa anatuma maombi kwa mkono wa kila padri aliyepanda ndege. Alitafuta nafasi ya utafiti baada ya udaktari, kazi ya miaka michache inayomfungulia mwanasayansi njia. Na sasa, jamani, Dakar walikuwa wamejibu! Profesa Odile, mkuu wa maabara ya huko, angempigia alasiri hiyo kumhoji.

Simu ya satelaiti ilikuwa ya baba yake, Papa Kataliko, muuza chumvi na sabuni za jumla. Mzee alifurahi hadi akaalika majirani wote. Kahambu alipoingia ndani kubadili kitenge, simu ikalia, na Papa akaidaka.

Kahambu alitoka mbio, akamkuta akisema kwa Kifaransa chake cha dukani, "Fanyeni haraka, Madame! Ubelgiji nao wanamtaka, tena kwa masharti mazuri kuliko yenu."

Uongo mtupu! Ubelgiji hawakuwa wamejibu hata salamu. Lakini ndivyo Papa alivyouza chumvi miaka yote: mteja akisita, mwambie mwingine yuko njiani.

"Basi hongera kwake," sauti ikajibu. "Aende Ubelgiji, nasi tutamchukua anayefuata." Simu ikakatika.

"Papa, umefanya nini?"

"Bon, tulia, mwanangu. Ataita tena. Miye najua bateja yangu."

"Ule muprofesa haiko muteja, Papa! Umeniua!"

Kahambu alinyakua simu, akapiga, akapiga tena. Satelaiti ilikataa mpaka jua lilipoanza kushuka. Hatimaye Profesa Odile akapokea.

"Madame, hakuna Ubelgiji. Baba yangu alidanganya. Niulize chochote kuhusu seli."

Profesa akamuuliza jinsi kimelea cha malaria kinavyoingia ndani ya chembe ya damu. Mungu wangu, mngemwona! Kahambu alieleza huku akiichora ile chembe hewani kwa kidole, akicheka kwa furaha, na majirani wakatikisa vichwa bila kuelewa neno. Makemba yakaungua. Papa Kataliko hakuwa amewahi kumsikia binti yake akiwa kazini, na aibu ikamshika.

"Nafasi ya miaka miwili nimeshamwahidi mwenzako, sirudi nyuma," Profesa akasema. "Ninayo ya miezi sita, ya mtafiti aliye likizo ya uzazi. Utakuja?"

"Nakuja!"

Vigelegele vikalipuka uani. Mama Mbambu alicheza na mwiko mkononi. Papa peke yake alibaki kitini.

"Kahambu, unisamehe," akasema. "Ile miezi ingine yote kumi na nane, ni miye nimeikula."

Funzo

Ndugu zangu, furaha ya mzazi isimzibe mtoto mdomo. Ujanja wa dukani tuuache dukani, kwa sababu anayetafuta mtafiti anatafuta kwanza mtu mkweli. Mwanao akipigiwa simu, mpe aongee mwenyewe, nawe kaa pembeni umwombee.