Ndengu Moja, Mtu Mmoja

Kila Ijumaa, kabla ya uji, wasichana wa bweni walifagia uwanja wa shule yao karibu na soko la Tawa. Walinyunyiza maji kwanza ili vumbi jekundu lisiwaingie puani. Ijumaa hiyo Achol alifagia kwa fujo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mzaliwa wa Sudan Kusini, na leo rafiki yake Nthenya alikuwa akigombea urais wa wanafunzi.

"Pole pole, dada, utang'oa hata mizizi," Nthenya alimtania.

"Lazima ushinde," Achol akasema.

"Nisiposhinda? Kisilu atakuwa rais, na mimi nitaendelea kula mahindi ya muthokoi kama kawaida."

Achol hakucheka. Huko alikozaliwa, wakubwa waligombania kiti, na kila aliyeona atakikosa akaita bunduki. Wakubwa hao walilala hotelini. Watoto walilala vichakani, na Achol alikuwa mmoja wa watoto hao.

Shule haikuwa na karatasi za kura. Mwalimu Kanyiva, msimamizi wa uchaguzi, akaamua kwamba kila mwanafunzi atatumbukiza ndengu moja, punje ya choroko: kopo jekundu ni la Kisilu, kopo la bluu ni la Nthenya, na yote mawili yakawekwa nyuma ya pazia stooni.

"Kwa nini tusipige mlolongo tu, kila mtu nyuma ya amtakaye, Mwalimu?" aliuliza Muindi, mpiga debe wa Kisilu.

"Mlolongo sitaki kuusikia," Mwalimu akajibu. "Baba yangu alisimama kwenye mlolongo mrefu, akatangazwa mshindi mwenye mlolongo mfupi. Mimi nilikuwa mdogo, lakini sijasahau. Kura itakuwa ya siri."

Wazo lilikuwa zuri, ila lilisahau jambo moja. Ulikuwa wakati wa mavuno, na Tawa nzima ilijaa ndengu. Zilianikwa kila uwanja, zikamwagika hadi njia ya jikoni.

Makopo yalipomwagwa mezani ukumbini baada ya kura, wote walisogea kuona. Shule ilikuwa na wanafunzi mia mbili. Ndengu za kopo la bluu peke yake zilizidi idadi hiyo.

"Asi!" Muindi akamaka. "Hata panya wa stoo wamepiga kura!"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika.

"Mmeiba!" watu wa Kisilu wakafoka. "Wasichana wa bweni ni wezi!"

"Wezi ni nyinyi!"

Mtu akainua kiti. Mwingine akatoka nje na kurudi na jiwe. "Ni huyu mgeni!" Muindi akapaza sauti, akimwonyesha Achol kidole. "Ametuletea mambo ya kwao!"

Achol alizijua sauti hizo. Vita huanza hivyo, kwa kuitana "nyinyi" na "wale", muda mrefu kabla ya risasi ya kwanza. Mfukoni mwake bado mlikuwa na ndengu. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Nthenya angebaki na jina la mwizi, na lile jiwe lingempata mtu. Achol akapanda juu ya benchi.

"Ni mimi! Nilitumbukiza konzi nzima. Nthenya hakujua chochote."

Nthenya akamkodolea macho. "Kwa nini, Achol? Nani alikwambia siwezi kushinda bila wizi?"

"Niliogopa. Kwetu anayeshindwa hukimbia usiku. Sikutaka ukimbie."

Aliyeshika jiwe akalitazama, akalitupa nje ya dirisha. Kiti kikashushwa taratibu.

"Utasugua masufuria wiki nzima," Mwalimu Kanyiva akasema. "Lakini kwanza nijibu. Mwizi ndiye ajuaye mlango alioingilia. Tuuzibe vipi?"

Achol akafuta machozi. "Mtu mmoja wa kila upande asimame mlangoni mwa stoo. Wakague viganja na mifuko, kisha watoe ndengu moja moja. Upande wa Kisilu asimame Muindi."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu huniamini."

"Na upande wangu asimame Achol," Nthenya akasema.

"Mwizi alinde benki?" Muindi akaruka.

"Si wewe utakuwa hapo ukimlinda?" Nthenya akamjibu.

Ukumbi ukaangua kicheko, na safari hii hakikukatika.

Kura ikarudiwa. Mifuko iligeuzwa nje, viganja vikafunguliwa. Muindi alikagua kama askari wa mpakani. Alimkuta rafiki yake mwenyewe, mtu wa Kisilu, ameficha ndengu ndani ya soksi.

"Toa!"

"Lakini Muindi, si ni za kwetu?"

"Nimesema toa! Unataka kuniaibisha mbele ya Achol?"

Muindi na Achol wakahesabu pamoja, ndengu baada ya ndengu, shule nzima ikihesabu nao kwa sauti. Zilitimia mia mbili kamili. Achol ndiye aliyepewa kazi ya kutangaza.

"Nthenya, tisini na sita. Kisilu, mia moja na nne. Kisilu ameshinda."

Akasubiri mawe. Badala yake Nthenya alivuka chumba, akaushika mkono wa Kisilu na kuuinua juu. Vigelegele vikapasua bati.

"Nthenya atakuwa naibu wangu," Kisilu akasema. "Watu tisini na sita si wa kutupwa."

Wakawabeba wote wawili hadi uwanjani, na aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Achol. Muindi alimsogelea. "Lile neno la mgeni... nisamehe."

"Nimekusamehe. Utanisaidia masufuria?"

"Hapo sasa umezidi!"

Mwalimu Kanyiva akawanyamazisha. "Leo mmefanya kazi inayowashinda wakubwa wengi. Nchi iliyotoka vitani haiponi kwa sababu vigogo wamepeana mikono mbele ya kamera. Hupona pale aliyekosa anaposema kweli, na waliochukiana wakalinda kura pamoja. Zaidi ya yote, hupona pale aliyeshindwa anapolala kwake bila hofu."

"Mwalimu," Achol akasema, "nikiwa mkubwa nitakwenda kusimama mlangoni kulinda kura kwetu."

"Nenda, mwanangu. Watakwambia watu wenu hawajawa tayari kwa kura. Waulize ni nani hasa hajawa tayari, mpiga kura au mwenye kiti?"

Uwanja mzima ukamjibu kwa kishindo: "Mwenye kiti!"