Mteja Yuko Kitini

Fundi aliliona lile shati kabla hata hajatua beseni.

Lilikuwa shati la bluu, limeanikwa kwenye paa la jengo alilopanga, katikati ya mashuka ya watu asiowajua. Akasogea. Akageuza kwapa la kushoto nje ndani.

Uzi mwekundu.

Shati lile alilishona yeye mwenyewe. Uzi wa bluu ulimwishia mwishoni, akafungia kwapa kwa mwekundu, akijua hakuna atakayeinua mkono wa mtu kuchungulia. Alimshonea mchumba wake, Kinyozi. Na Kinyozi alikuwa nyumbani, nchi nyingine kabisa, mpaka upande basi na kuvuka mpaka. Au ndivyo Fundi alivyojua.

Yeye alikuja mji huu kwa miezi sita tu, kujifunza mashine kubwa za kushonea za kiwandani. Akirudi, harusi. Lugha ya hapa aliijua ya kununulia mkate na kuomba radhi kwenye ngazi, basi. Kila jioni alimpigia Kinyozi kumsimulia vitu vidogo: leo muuza mkate kanicheka, leo nimepotea mtaa, leo nimefua. Kufua kwake ni Jumamosi. Leo ilikuwa Jumatano, ila mashine za kiwandani ziliharibika wakarudishwa mapema kwa mlango wa nyuma, ndiyo maana akawa juu ya paa wakati hakuna aliyemtarajia.

Akapiga simu.

"Mpenzi! Mbona mapema leo?"

"Nimekukumbuka tu. Uko wapi?"

"Nitakuwa wapi tena? Kibandani. Mteja yuko kitini, unasikia?"

Mashine ya kunyolea ikanguruma. Ngrrrr.

"Nasikia. Lile shati la bluu bado unalivaa?"

"Nilivae vipi wakati nalitunza? Liko kabatini, nimelikunja vizuri."

Maji ya shati yalikuwa yakimdondokea Fundi miguuni.

"Kabatini?"

"Kabatini, chini ya suti. Kwani vipi?"

"Hamna. Usikate, wewe nyoa tu huku tunaongea. Napenda kuisikia kazi yako."

Mwingine angepiga yowe palepale. Fundi si mtu wa mayowe. Kila kamba pale juu ilikuwa na namba ya chumba, ili wapangaji wasigombane, na kamba ile ilikuwa ya chumba cha kwanza ukishuka kutoka paani. Cha kwake kilikuwa chini kabisa. Akavua ndala, akaanza kushuka peku.

"Mteja wako anataka mtindo gani?"

"Huyu ni mzee, mtindo wa nini? Kipara tu."

"Basi mpe shikamoo yangu."

"Mzee, mchumba wangu anakupa shikamoo!" Mashine ikanguruma kidogo. "Anasema marahaba, mjukuu wangu."

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. Ngrrrr ya simuni na ngrrrr ya nyuma ya mlango zilikuwa moja. Akasukuma.

Kinyozi alikuwa amekaa dirishani, kifua wazi, simu kaibana kwa bega, mkono ameuinua juu na mashine inanguruma hewani. Hakukuwa na mzee, hakukuwa na kiti cha kunyolea, hata kioo hakikuwepo.

"Mzee ameshatoka?" Fundi akauliza.

Simu ikaanguka, mashine ikafuata.

"Mpenzi... mimi... nilitaka kukushtua."

"Nimeshtuka. Tangu lini uko hapa?"

"Mwezi wa pili huu."

Fundi akaingia, akachungulia nje. Dirisha lile lilitazama lango la kiwanda chao. Pembeni palikuwa na chupa ya chai, na kwenye kiti mto uliobonyea kwa kukaliwa.

"Unanichunga?"

"Sikuchungi, nakulinda! Watu walisema, mwanamke akishaonja ugenini harudi. Dada yangu ndiye aliyeanza..."

"Dada yako hayumo humu. Umeona nini?"

"Hamna."

"Sema!"

"Sijaona kitu! Unaenda kazini, unanunua mkate, unarudi. Mpenzi, nimehakikisha kwa macho yangu, wewe ni dhahabu. Tuoane hata kesho!"

Alisema kwa fahari, kama mtu aliyeleta zawadi. Jamani, kuna watu Mungu aliwapa macho akasahau akili.

Fundi alikuwa hamsikii tena. Alikuwa anahesabu kichwani, na uso ulikuwa unambadilika.

"Ngoja. Nilipougua ile homa."

Kinyozi akaangalia sakafu.

"Nilikupigia nalia. Nikakwambia sina hata nguvu za kuchemsha maji, naendea ndoo kwa magoti. Ulikuwa humu?"

Kinyozi akauvuta mto, akaukumbatia.

"Nakuuliza wewe! Ulikuwa humu, juu ya kichwa changu?"

"Sasa ningeshukaje? Si ungenijua?"

"Ukaniambia laiti ungekuwa karibu!"

"Nililia na mimi, haki ya Mungu."

Fundi akaziba mdomo kwa viganja viwili. Alikuwa tayari kusikia kuna mwanamke chumbani. Hilo la mwanamke angelielewa. Hili hakulielewa kabisa.

Simu iliyokuwa sakafuni ikaita: *Mama*. Kinyozi akaruka kuidaka, Fundi akawahi, akaweka sauti kubwa.

"Mwanangu, mgonjwa wetu anaendeleaje leo?"

Fundi akamtazama Kinyozi. Mgonjwa?

"Shikamoo mama. Ni mimi."

"Marahaba, binti yangu! Mungu mkubwa, sauti imerudi! Unajua alipofunga kibanda akasema unaumwa, anakuja kukuuguza, nilimwambia baba yake, hapa nimezaa mwanaume. Kila siku anatusimulia anavyokupikia uji, anavyokukanda miguu. Umepata mume, mama, mshike!"

Kinyozi alikuwa amepiga magoti, mikono ameishikanisha kifuani, midomo inasema nakuomba, nakuomba, bila sauti.

"Mama, huyu hapa mbele yangu. Hebu muulize alinipikia uji wa nini."

"Wa nini tena? Baba, ulimpikia mwenzio uji wa nini?"

Kinyozi akamtikisia Fundi kichwa.

"Mwanangu, si nakuuliza wewe?"

Mashine ilikuwa bado inanguruma sakafuni. Sauti ya mama ikashuka.

"Binti yangu. Hakukuuguza?"

"Hapana, mama. Alikuwa chumba cha juu, ananichungulia. Hata alipokuja sikuwa naumwa. Nilipoumwa kweli, hakushuka."

"Uwiii! Na mimi nimemsifia mtaa mzima!"

"Nisamehe, mama. Harusi haipo."

Kinyozi akaanza kulia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha, hata mama yake.

"Sina cha kukulaumu," mama akasema. "Huyo mwambie apande basi leo hii. Lakini wewe, mwanangu, huko ugenini nani atakuangalia?"

"Mimi mwenyewe, mama. Ndivyo nilivyopona."