Nimetumwa na Mama Yake

"Mimi nina macho mpaka kisogoni," alijigamba Mama Vidogo. "Hapa hatoki hata sisimizi bila ruhusa yangu."

Alikuwa akilea watoto sita nyumbani kwake, wazazi wao wakiwa kazini. Mchana ule alikuwa akimbadilisha mmoja nepi. Wa pili alimvuta gauni. Wa tatu alilia kwa sababu wa pili anavuta gauni.

"Hodi! Nimetumwa na mama yake Kibonge," alisema kijana mmoja mlangoni.

Kibonge, mtoto wa miaka mitatu, akamrukia akicheka.

"Haya, mchukue," alisema Mama Vidogo bila kuinua kichwa. Macho ya kisogoni nayo yalikuwa yamesinzia.

Jioni akaja mama yake Kibonge, fundi cherehani. "Mwanangu yuko wapi?"

"Si umemtuma kijana?"

"Kijana gani? Sijamtuma mtu!"

Mama Vidogo akajaribu kumkumbuka. Kijana alikuwa mrefu au mfupi? Alivaa nini? Hakukumbuka hata kimoja.

"Dada, nilikukabidhi mwanangu!"

Jirani, mwalimu mstaafu wa chekechea, akabaki na watoto. Wawili hao wakatoka mbio. Wakauliza dukani. Wakachungulia mtaroni, huku wakiogopa kuona. Kila mtoto aliyelia mbali walidhani ni Kibonge. Giza likaanza kuingia.

Wakiwa njiani kwenda polisi, wakamwona. Kibonge yuko mabegani kwa kijana, anatafuna biskuti.

"Shemeji, vipi? Nilisema umenituma ili nipewe haraka, nikampeleka kutazama magari makubwa."

Kumbe ni baba yake mdogo! Fundi cherehani akamnyakua mwanawe, akalia kwa sauti.

"Leo ni baba mdogo," alisema mwalimu waliporudi. "Kesho je?"

"Lakini mtoto alimchekea, mwalimu!" alijitetea Mama Vidogo.

"Mtoto humchekea yeyote mwenye pipi. Mzazi ndiye aseme asubuhi nani atamchukua. Akija mwingine, usifungue. Mpigie mzazi kwanza, kwa namba uliyo nayo wewe, si anayokupa mgeni."

"Na mgeni akikasirika?"

"Hasira hupoa. Mtoto akipotea, utampata wapi?"

Kesho yake Mama Vidogo aliweka komeo, juu, mikono midogo isipofika. Akawaeleza wazazi wote.

Siku moja akaja mwanamke mpole, sauti kama asali. "Nimetumwa na mama yake Kibonge. Ameugua ghafla. Fanya haraka, dada!"

Mama Vidogo hakufungua. Akapiga simu.

"Mimi mzima, niko kazini!" alijibu fundi cherehani. "Usifungue!"

Alipochungulia dirishani, mwanamke hayupo. Mama Vidogo akawahesabu watoto. Akawahesabu tena. Kisha akawapigia polisi na wazazi wote.

Habari zikaenea, na wazazi wapya wakaanza kuja. Mmoja akauliza, "Kweli mtoto hatolewi ovyo hapa?"

Mama Vidogo akavimba kichwa. "Tangu nianze kazi hii, sijawahi kumtoa mtoto bila kumpigia mzazi wake. Sijawahi!"

Nje ya mlango uliofungwa, baba mdogo wa Kibonge alikuwa akingoja apigiwe simu shemeji yake. Akakohoa.

"Dada, hujawahi?"

"Wewe ngoja simu!"